Je, Maji ya Chemchemi ni Maji Gani?

Hapo zamani msafiri aliyeomba maji njiani alipewa, wala hakuulizwa fedha. Siku hizi maji yana bei. Dukani, katika kituo cha mabasi, arusini na hata matangani, chupa za maji zimepangwa, na kila chupa ina maneno yake. Moja yasema maji haya ni safi kabisa. Nyingine yasema yametoka mlimani. Nyingine tena yasema ni maji ya chemchemi. Mnunuzi husoma, huamini, hulipa, hunywa. Hana njia ya kuchunguza, maana maji hayana rangi wala harufu ya kumwambia yametoka wapi. Yampasa kulitegemea neno la mtu asiyemjua.

Basi leo twataka kuuliza swali moja. Tuseme mtu amechukua maji ya bomba, akayachuja vema, akaua vijidudu vyote vilivyomo, akayatia katika chupa nzuri na kubandika karatasi yenye maneno haya: Maji ya Chemchemi. Watu wakanunua, wakanywa, kiu yao ikakatika. Hakuna aliyeumwa tumbo. Je, mtu huyu ametenda kosa? Na kama ametenda, kosa lake ni nini, iwapo hakuna hata mmoja aliyeugua?

Huenda wengine wakasema kwamba swali hili ni dogo, tena ni la matajiri wenye fedha za kununulia maji. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akizoea kusema, "Hakuna aliyeumia, basi sikukosa," hatajua pa kusimama. Mwuza maziwa atasema hivyo, na fundi wa nyumba atasema hivyo, na karani wa ushirika atasema hivyo. Tena, kama tutakavyoona, si kweli kwamba hakuna aliyeumia.

Maana ya neno lenyewe

Kwanza yafaa tulijue neno. Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tuna mto na kijito, ziwa na bwawa, kisima na chemchemi. Kila neno lina mahali pake. Kisima huchimbwa na watu; chemchemi hububujika yenyewe. Neno chemchemi latukumbusha kuchemka, kwa kuwa maji yatokapo ardhini hutibuka na kurusha mapovu kama ya chungu kilicho motoni, ijapokuwa aghalabu ni ya baridi.

Wataalamu wa ardhi watueleza jinsi jambo hili linavyokuwa. Mvua ikinyesha, sehemu ya maji hukimbilia mitoni, sehemu hurudi hewani kama mvuke, na sehemu huzama. Yale yaliyozama hupita katika mchanga na nyufa za miamba mpaka yakute tabaka gumu yasiloweza kulipenya. Hapo huufuata mteremko chini kwa chini. Mahali tabaka lile linapotokea juu, kama vile ubavuni mwa kilima, maji nayo hutoka nje. Hapo ndipo penye chemchemi.

Mfano mzuri uko Kenya, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, mahali paitwapo Mzima. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, vilivyofanywa na volkano, huzama katika miamba yenye matundu wala haifanyi mto. Maji yale hutokea tena Mzima, baada ya safari ya makumi ya kilomita gizani, mamilioni mengi ya lita kila siku, nayo ni maangavu hata viboko huonekana wakitembea chini yake. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo mtu wa Mombasa afunguapo bomba lake, huenda anakinga maji yaliyozaliwa katika chemchemi. Naye huyaita maji ya bomba tu, wala hajisifu. Unguja nako, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliwajengea watu wa mjini njia ya kuwaletea maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu. Hakuyauza katika chupa.

Kwa kuwa neno hili limekuwa na thamani sokoni, nchi nyingi zimeona lazima kuliwekea mpaka kwa sheria. Marekani waliandika kanuni yao mwaka 1995. Yasema kwamba maji ya chemchemi ni yale yatokayo katika tabaka la chini ya ardhi ambalo maji yake hufika juu ya nchi kwa nguvu yake ya asili. Umoja wa Ulaya nao umeamuru kwamba jina hili ni la maji yanayonywewa katika hali yake ya asili, tena yaliyotiwa chupani palepale yanapotokea.

Angalieni, kanuni hizo hazisemi kwamba maji ya chemchemi yana ladha nzuri kuliko mengine, au kwamba yana baraka kuliko mengine. Usafi hudaiwa katika maji yote yanayouzwa, yakiwa ya chemchemi au sivyo. Jina hili lataja jambo moja hasa: mahali maji yalipozaliwa, na jinsi yalivyotokea. Ni kama mtu anaposema, "Mimi ni mtoto wa fulani." Hatuambii kama yeye ni mwema au mwovu, atuambia ametoka nyumba gani.

Mashaka ya kisima

Hapa pana fundo ambalo limewasumbua hata mahakimu. Je, mtu akichimba kisima kirefu kwa mashine karibu na chemchemi, akayavuta maji yaleyale kabla hayajatoka nje, hayo bado ni maji ya chemchemi?

Wasomaji wetu wakumbuke habari za yule mwanamke Msamaria katika Injili ya Yohane, sura ya nne. Mahali pale alipoteka maji, Kiyunani cha Injili hupaita kwa majina mawili. Mara hutumia neno la chemchemi, mara hutumia neno la kisima. Wala si ajabu, maana watu walikuwa wamechimba shimo refu mpaka wakayafikia maji yaliyobubujika chini. Kisima hicho kipo hata leo karibu na mji wa Nablus. Tena katika usemi wa Wayahudi, maji yaliyo hai maana yake ya kwanza ilikuwa maji ya chemchemi au ya mto, maji yanayokwenda, si yale yaliyolala katika birika. Ndiyo sababu mwanamke yule, aliposikia habari za maji yaliyo hai, alifikiri kwanza habari za chemchemi, akashangaa jinsi mtu asiye na chombo cha kutekea atakavyoyapata. Alikuwa amelielewa neno kama lilivyotumika kijijini kwake. Bwana wetu akaanzia hapo, akamwinua mpaka kwenye maana iliyo kubwa zaidi.

Basi kisima na chemchemi vyaweza kuwa na maji mamoja. Kanuni ile ya Marekani yakubali jambo hili, lakini kwa masharti. Kisima kiyafikie maji ya tabaka lilelile. Maji yake yawe na hali ileile kama yale yatokayo yenyewe. Tena, yakivutwa kwa nguvu ya mashine, chemchemi yenyewe iendelee kutoa maji katika tundu lake la asili. Sharti hili la mwisho ni la hekima. Mtu hana ruhusa kuikausha chemchemi huku akiendelea kuuza jina lake.

Jina si cheti cha afya

Sasa tuonye kosa la upande wa pili, ambalo ni letu sisi wanunuzi. Watu wengi husikia neno chemchemi, wakafikiri ni sawasawa na kusema maji salama. Sivyo.

Katika magharibi ya Kenya wataalamu walichunguza chemchemi za vijijini karibu 200, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Chemchemi zilikuwa wazi. Watu walikanyaga humo, mifugo ikanywa humo, na mvua ikaleta uchafu wa mashambani. Baadhi zilipojengewa kwa saruji, zikafunikwa na kutiwa bomba la kutolea maji, uchafu wa kinyesi pale chemchemini ulipungua kwa kiasi cha thuluthi mbili, na kuharisha kwa watoto wadogo kukapungua kwa kiasi cha robo. Lakini ikaonekana pia kwamba maji yaliyotekwa safi yalipata uchafu tena katika ndoo na mitungi, njiani na nyumbani. Chemchemi ilikuwa ni ileile kabla na baada ya kujengewa. Kilichowaponya watoto ni saruji, mfuniko na mikono ya wanakijiji.

Tena yako madhara ambayo hata saruji haiyazuii. Pande za Mlima Meru, katika mkoa wa Arusha, ziko chemchemi ambazo maji yake ni maangavu, nayo yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba lita moja ya maji isizidi miligramu 1.5 za madini hayo. Yakizidi sana, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao hupinda. Watu wa Arumeru wanajua habari hizi kuliko sisi, maana wameziona vinywani mwa watoto wao. Huko Ngurdoto kipo kituo cha serikali kilichochunguza jinsi ya kuyapunguza madini hayo kwa mkaa wa mifupa. Maji yale ni ya chemchemi kweli kweli. Hapana aliyeyapa jina la uongo. Walakini mama mwenye busara hatampa mtoto wake kabla hayajasafishwa.

Tumeona, basi, kwamba jina chemchemi laweza kuwa la kweli na maji yakawa mabaya. Na laweza kuwa la uongo na maji yakawa mazuri. Ukweli wa jina ni jambo moja, na uzuri wa maji ni jambo la pili. Anayeyachanganya mambo haya mawili ama atadanganywa, ama atajifunza kudanganya.

Yaliyotokea Ulaya

Uingereza mwaka 1992 televisheni ilionyesha mchezo wa kuchekesha, ambamo mfanyabiashara mjanja wa London aliyatia maji ya bomba lake chupani, akayauza kama maji ya chemchemi ya Peckham. Peckham ni mtaa wa mjini wenye watu tele, wala hakuna mtu angefikiri kwenda kutafuta chemchemi huko. Watu walicheka sana. Miaka kumi na miwili baadaye, mwezi wa Februari 2004, kampuni ya Coca-Cola ilileta Uingereza maji yaitwayo Dasani. Magazeti yakatangaza kwamba maji hayo yalikuwa ya bomba la mji, yakisafishwa katika kiwanda cha Sidcup, kando ya London. Ndipo watu wakaukumbuka ule mchezo. Mwezi uliofuata ikagunduliwa kwamba kemikali iitwayo bromati imezidi kipimo cha sheria, na chupa zipatazo 500,000 zikaondolewa madukani.

Tuseme haki: chupa zile hazikuandikwa kuwa ni maji ya chemchemi. Ziliandikwa kuwa ni maji safi. Lakini watu walijiona wamechezewa, hata kabla ya habari ya kemikali. Kwa nini? Kwa sababu katika soko lile mtu aliyenunua maji ya chupa kwa bei kubwa alidhani ananunua kitu asichokuwa nacho nyumbani, na mwuzaji alijua kwamba adhani hivyo.

Habari ya pili ni ya Ufaransa, nayo ni nzito zaidi. Sheria za Ulaya zakataza kuua vijidudu kwa dawa au kwa miali katika maji ya chemchemi na maji ya asili ya madini, kwa kuwa mnunuzi anauziwa maji jinsi yalivyotoka ardhini. Mwezi wa Januari 2024 kampuni ya Nestlé Waters, yenye majina kama Perrier, Vittel, Hépar na Contrex, ilikiri kwamba ilikuwa imetumia miali ya urujuanimno na vichujio vya mkaa visivyoruhusiwa. Ikaeleza kwamba ilifanya hivyo kwa ajili ya usalama wa maji. Mwezi wa Septemba mwaka uleule ikakubali kulipa faini ya euro milioni 2 ili shauri lifungwe. Na mwezi wa Mei 2025 kamati ya uchunguzi ya Seneti ya Ufaransa ililaumu si kampuni tu, bali na serikali, kwa kuwa ilijua habari hizo ikazifunika.

Tazameni ugumu wa jambo hili. Kama maji yamepata vijidudu, kuyasafisha ni wema. Kuyauza bila kuyasafisha kungekuwa uovu mkubwa. Kosa halikuwa katika kusafisha. Kosa lilikuwa katika kuacha jina lilelile kwenye chupa, baada ya kitu kile jina lilichokitaja kukoma. Njia ya haki ilikuwapo: kusafisha, na kubadili jina. Kampuni hiyo yenyewe baadaye ilionyesha kwamba yawezekana, maana iliuza vinywaji kwa jina la Maison Perrier, visivyodai kuwa ni maji ya asili ya madini.

Dhahabu ya mafundi

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ameandika swali zima juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua, katika kitabu chake kikuu cha teolojia. Afundisha kwamba kitu kinachouzwa chaweza kuwa na kasoro za namna tatu: katika kitu chenyewe kilivyo, katika kipimo chake, au katika hali yake. Mwuzaji ajuaye kasoro ya namna yoyote ya hizo akainyamazia, amedanganya, tena yampasa kulipa hasara.

Humo amejibu pia swali la mafundi wa zamani waliojaribu kutengeneza dhahabu kwa moto na dawa. Asema kwamba kama fundi angeweza kweli kutengeneza dhahabu halisi, yenye tabia zote za dhahabu, asingekosa kuiuza kama dhahabu ya kweli. Hapa yule mwuza maji wetu ataruka kwa furaha. Atasema, "Basi nami nimetengeneza maji yenye tabia zote za maji ya chemchemi. Hata mpimaji hawezi kuyatofautisha. Kwa nini nisiyape jina hilo?"

Jibu letu ni hili. Dhahabu hupewa jina kwa asili yake yenyewe. Ikiwa na asili ya dhahabu, ni dhahabu, ingawa imetoka mgodini au katika karakana. Hali kadhalika maji: yakiwa na asili ya maji, ni maji, nayo yana haki ya kuitwa maji. Hapo fundi wetu hana deni. Lakini maneno "ya chemchemi" hayataji asili ya maji. Yataja mahali yalikotoka. Hakuna ufundi unaoweza kutengeneza mahali yalikotoka. Mtoto wa jirani aweza kufanana nawe kwa sura, kwa sauti na kwa tabia. Hata hivyo ukimwandika kuwa umemzaa, umeandika uongo. Basi mwuzaji yule hakukosa kuhusu maji. Amekosa kwa kushuhudia jambo ambalo halikuwa, tena mbele ya mtu ambaye hana shahidi mwingine.

Kanisa la kwanza lajua tofauti hii. Katika Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambayo ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Wakristo, imeagizwa kubatiza katika maji yaliyo hai; yasipopatikana, katika maji mengine; na yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu. Wakristo wale walipendelea maji ya chemchemi na ya mto. Walipoyakosa walitumia mengine bila aibu, wala hawakuona haja ya kuyaita hai maji ya birika ili Ubatizo uwe wa kweli. Hata sasa maji ya bomba hutosha kabisa kwa Ubatizo. Kitu duni hakitiwi aibu na uduni wake.

Ni nani aliyeumia?

Turudi sasa kwenye madai kwamba hakuna aliyeumia. Twaona watu watatu waliopata hasara.

Wa kwanza ni mnunuzi. Ametoa fedha zaidi kwa ajili ya neno, na neno lilikuwa tupu. Kama ni mtu wa mshahara mdogo, fedha ile ilikuwa ya sukari au ya daftari la mtoto. Tena ameondolewa haki ya kuchagua, maana anayechagua kwa habari za uongo hakuchagua, amechaguliwa.

Wa pili ni mwuzaji mwaminifu. Yeye amelinda chemchemi yake, amelipia vipimo, amegharamia kupeleka maji mbali. Sokoni amekuta jina lake limevaliwa na mtu asiye na gharama hizo. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kibaya kikivaa nguo za chema, chema nacho hakitauzika.

Wa tatu ni mtu asiyenunua kabisa. Huyu husahauliwa. Kila neno linalowafundisha watu kwamba maji mazuri ni yale ya chupa huwafundisha pia kudharau bomba la wote. Wenye fedha wakiisha kuacha kunywa maji ya bomba, hawalalamiki tena yanapokuwa machafu au yanapokatika, na sauti zao ndizo husikilizwa upesi. Anayebaki penye bomba ni maskini, na maji yake hayana mtetezi. Ikiwa zile chupa zilijazwa kwenye bomba lilelile, basi dhuluma ni mara mbili: maji ya wote yamesifiwa kwa jina la uongo, na kwa jina lake la kweli yamedharauliwa.

Yatupasayo

Wenye viwanda, wakubwa kwa wadogo, tunawasihi waandike kweli. Maji ya bomba yaliyosafishwa ni kazi njema ya kibinadamu; yaitwe hivyo. Mwaka 2007 kampuni ya PepsiCo ilitangaza kwamba itaandika kwenye chupa za Aquafina kuwa maji yake yatoka katika mabomba ya umma, na maji hayo yaliendelea kununuliwa. Wala tusifikiri kwamba uongo ni wa maneno tu. Picha ya mlima wenye theluji juu ya maji yasiyofika karibu na mlima ni ushuhuda pia, na mwenye kuichora ajua sababu ya kuichora.

Tusiwanyoshee vidole wakubwa peke yao. Wako vijana wanaookota chupa zilizotupwa, wakazijaza maji yoyote, wakazifunga vizuri na kuwauzia abiria dirishani. Twajua shida zinazowasukuma. Lakini abiria yule mwenye mtoto mgongoni ana shida zake pia, na kipindupindu hakiulizi kama mwuzaji alikuwa maskini. Wazazi wasifurahie fedha kabla ya kuuliza zimepatikanaje.

Wanunuzi nasi tusome kilichoandikwa, tutazame alama ya shirika la viwango la nchi yetu, tena tusilipe neno zuri tusilolihitaji. Mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki, kuyachemsha ni tendo la akili, si la unyonge. Na kama yana kasoro, tuwaulize wenye kuyasimamia, wala tusikimbilie chupa na kunyamaza.

Mwisho, wale ambao Mungu amewapa chemchemi karibu nao wailinde. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Sheria hiyo haitendi kazi yenyewe. Inataka mwenye shamba arudishe jembe lake nyuma, mchungaji apeleke ng'ombe kwenye birika lao, na kijiji kipande miti inayofaa na kutengeneza ukuta unapobomoka. Jamaa wanaofanya hivyo hawatangazi chochote dukani, na huenda hawajawahi kununua chupa hata moja. Lakini mtoto wao akiulizwa maji ya chemchemi ni yapi, atamshika mgeni mkono ampeleke mpaka pale yanapotoka.